Hariim ya Mto na Kiwanja cha Madrasa Yetu

(Haya ni mawaidha yaliyotolewa na mwalimu wa madrasa baada ya swala ya Alasiri, mbele ya waumini na wajumbe wa kamati ya ujenzi. Yamechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeyateremsha maji kwa kipimo akayatuliza katika ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Swahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Kamati ya ujenzi iliniomba nizungumzie fadhila za kujenga misikiti na madrasa, ili nyoyo zilainike na mifuko ifunguke. Fadhila hizo mnazijua, na wengi wenu mmekwishazitolea mali zenu. Leo nitazungumzia jambo linalotangulia tofali la kwanza, nalo ni ardhi ambayo tunataka kuliweka tofali hilo juu yake.

Kama mjuavyo, ndugu yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, ametukabidhi kiwanja cha mita 30 kwa 40 kule bondeni, baina ya barabara na kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Msimbazi. Watoto wetu wanasoma barazani kwa zamu tatu, na mvua ikinyesha tunawarudisha majumbani. Kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa. Mara likazuka suala la kibali cha ujenzi, na waumini tukagawanyika. Wako waliosema tufuate taratibu. Wako waliosema taratibu hizo zitakula miaka, na kwamba ni afadhali tumwage kifusi usiku wa kuamkia Jumapili, tupandishe kuta kwa haraka, tuswali ndani yake swala moja ya jamaa, kisha tuone ni nani atakayethubutu kubomoa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Hata mahali fulani nilikokwenda kuuliza, mtu mmoja alininong'oneza: "Ustadh, jengeni kwanza, karatasi zitawafuata." Nami sitaficha. Kwa siku mbili tatu rai hiyo ilinipendeza.

Kisha nikaazima futi ya fundi, nikateremka bondeni na wanafunzi wawili wakubwa. Kutoka ukingo wa kijito hadi pembe ya karibu ya kiwanja tulipata mita 11. Hadi pembe ya mbali tulipata mita 52.

Sasa sikilizeni sheria ya nchi inavyosema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57 kama kilivyopitishwa, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka pwani ya bahari, ufuko wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 katika kifungu cha 7 ilikwishaihesabu ardhi ya namna hiyo, pamoja na vinamasi vya mikoko na ardhioevu nyingine, kuwa ni ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Maana yake ni kwamba hakuna hata hatua moja ya kiwanja chetu iliyo nje ya mpaka huo wa mita 60. Atakayesema kwamba kile ni kijito tu wala si mto, namwomba asitoe hukumu mwezi wa Septemba, wakati watoto wanapokivuka kwa kuruka. Akitazame mwezi wa Aprili.

Ni haki mtu aulize, kwa nini mita 60 ziachwe bure, ilhali watu hawana pa kukaa? Jibu ni kwamba hazikuachwa bure. Zina kazi. Maji ya mvua yanayotoka katika milima ya Pugu na katika mapaa yetu yote hukimbilia chini, na yakifika bondeni hukuta uwanda mpana wenye matete na mafunjo. Hapo hutawanyika, hupunguza mwendo, hutua tope walilolibeba, na sehemu yake huzama taratibu katika udongo. Uchafu walioubeba hunaswa katika mizizi, na vijidudu vilivyomo katika tope huula kidogo kidogo. Yanayobaki huendelea hadi mikoko iliyopo mtoni karibu na Daraja la Salenda, ambako samaki wachanga na kamba hupata malezi, kisha huingia baharini. Kazi hii bonde huifanya kila masika bila mshahara. Lakini sharti lake ni moja: liwe na nafasi ya kutandaza maji.

Sisi tunataka kufanya nini? Mafundi wamesema kiwanja kijazwe kifusi kimo cha mita moja na nusu, ili madrasa isiingie maji. Nimewapigia wanafunzi wangu hesabu ubaoni, nanyi ipigeni. Mita 30 mara 40 ni mita za mraba 1,200. Zidisha kwa moja na nusu, unapata mita za ujazo 1,800, yaani lita milioni moja na laki nane. Boza la maji la lita 10,000 linalopita mitaani kwetu lingelazimika kwenda safari 180 kuibeba nafasi hiyo. Siku ya mafuriko, maji ambayo yangekaa hapo hayatatoweka kwa sababu tumeandika "Madrasa" juu ya mlango. Yatakwenda ng'ambo. Na ng'ambo mnakujua: kuna safu ya nyumba za kupanga, kuna bibi yule anayetukaangia vitumbua vya futari kila Ramadhani, na kuna watoto saba ninaowasomesha mimi mwenyewe. Isitoshe, ramani yetu ina vyoo vinne vya shimo. Choo cha shimo kilichofurika bondeni, ndugu zangu, humwaga kilichomo katika visima na milango ya watu, na kipindupindu hakibagui.

Wale wenye umri wa kukumbuka hawahitaji hesabu ya ubaoni. Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilifungua katika jiji la Dar es Salaam, na Bonde la Msimbazi likafurika. Watu wapatao 40 walifariki, maelfu wakapoteza makazi, na wengi walionusurika wakapelekwa Mabwepande. Katika waliokufa wako waliokuwa wamejenga mahali wasipopaswa kujenga, na wako waliokuwa wamekaa mahali pao kwa salama kwa miaka mingi, mpaka wenzao walipoyafinya maji yakakosa pa kupita. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Mimi siwezi kuwatenganisha, na maji hayakuwatenganisha.

Tuingie katika Fiqhi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba jambo hili la kuachia mto nafasi ni fikra ngeni iliyoletwa na wafadhili na semina za hotelini. Wanavyuoni wetu wana neno lake, nalo ni hariim. Hariim ya kitu ni eneo linalokizunguka ambalo kitu hicho hakitimizi manufaa yake bila ya hilo. Kisima kina hariim yake, ili watu na wanyama wapate pa kusimama na maji yake yasichafuliwe. Na mto una hariim yake, ambayo hushuka watu kuteka, hutupwa tope linapochimbuliwa, na hupanuka maji yanapojaa. Mtu akihuisha ardhi iliyokufa huimiliki, lakini hariim haimilikiwi kwa kuhuishwa, kwa kuwa ina haki ya watu wote.

Wale wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo pwani yetu imeyafuata kwa karne nyingi, hawakuliachia hapo. Ibn Hajar Al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, katika Tuhfatul Muhtaaj, na Shamsuddin Ar-Ramli, aliyefariki mwaka 1004 Hijria, katika Nihaayatul Muhtaaj, walieleza kwamba kujenga katika hariim ya mto kunazuiwa hata kama kinachojengwa ni msikiti, na kwamba kilichojengwa hubomolewa. Na wakanukuu kuwa hilo ni la makubaliano ya Maimamu wanne. Narudia kwa wale waliokuwa wakinong'ona: hata kama ni msikiti. Walikuwa wakiyaona ya Mto Nile, ambako watu wa zama zao walijenga mpaka ukingoni. Kabla yao Jalaluddin As-Suyuti, aliyefariki mwaka 911, aliandika risala nzima kuhusu jambo hilo hilo. Na waliofuata wakalalamika kwamba maulamaa wameandika na kurefusha maneno ili watu wakome, nao hawakukoma. Nilipoisoma ibara hiyo nikiwa mwanafunzi, niliipita haraka nikidhani ni mambo ya Misri ya kale. Sikujua kwamba nitakuja kuihitaji nikiwa nimesimama katika matope na futi mkononi.

Hapa pana swali zito kuliko la kibali, na namwomba ndugu yetu mtoaji asikasirike. Miongoni mwa masharti ya wakfu ni kwamba mwenye kuwakifu awe anakimiliki anachokiwakifu. Ikiwa eneo lile ni hariim, basi wa kwanza aliyeliuza hakuwa na cha kuuza, wa pili hakuwa na cha kununua, na sisi tumepokea hati ya mkono juu ya kitu ambacho ni haki ya bonde zima. Yeye amenunua kwa nia safi, na nia yake iko kwa Mola wake. Lakini Mtume (s.a.w.) alipofika Madina na kutaka kujenga msikiti wake, aliuliza kwanza ardhi ni ya nani, akaambiwa ni ya mayatima wawili. Walitaka kuitoa bure, naye akakataa ila kwa thamani. Msikiti huo, ambao ni bora kuliko yote baada ya ule wa Makka, ulianza kwa suala la umiliki na haki ya wanyonge.

Kuhusu jirani wa juu na jirani wa chini, hadithi ya watu wa jahazi mmeisikia mara nyingi, hivyo nitaiacha. Ipo nyingine isiyotajwa sana. Zubayr (r.a.) na mtu mmoja katika Answari waligombania mfereji wa maji kule Harra, shamba la Zubayr likiwa juu na la mwenzake chini. Walipofika mbele ya Mtume (s.a.w.), hukumu ya kwanza aliyoitoa ilikuwa ya upole: Zubayr amwagilie, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Tazameni jambo lililofanyika hapo. Watu wawili wanategemea maji mamoja, na hakuna anayeamua peke yake. Wanakwenda kwa mwenye mamlaka, kila mmoja anasikilizwa, kisha inatoka hukumu.

Na hicho, kwa ufahamu wangu, ndicho kibali kinavyotakiwa kuwa. Sisi tumezoea kukiona kibali kama karatasi ya serikali, yenye foleni, ada na mtu wa kuombwa "arudi kesho". Kwa hiyo kukikwepa tunakuona ni ujanja, na kwa wengine ni ushujaa. Lakini katika ardhi ya bonde, kibali ni mahali pekee ambapo jirani wa ng'ambo anaweza kusema neno kabla maji hayajamfikia. Aliyejenga usiku hakuikwepa serikali peke yake. Amemnyang'anya jirani yake kauli.

Sheria ile ya 2004 haikuliacha jambo hili mikononi mwa wakubwa wa jiji tu. Iliweka kamati za mazingira kuanzia jiji, manispaa na wilaya mpaka kata, kijiji, mtaa na kitongoji. Je, ni nani kati yetu anayewajua wajumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu? Ni nani amewahi kuhudhuria kikao chake? Nimewauliza watu kumi na wawili katika safu ya mbele, na hakuna aliyejibu. Mimi pia sikuwa na jibu.

Baadhi yenu mtashangaa kusikia mwalimu wa madrasa akitolea mfano Marekani ndani ya msikiti. Natoa mfano huo kwa sababu unaonyesha jambo hili linavyokwenda pale ambapo mji wenyewe umelichukua. Katika jimbo la Massachusetts, tangu mwaka 1957 sheria imeruhusu kila mji uunde kamisheni yake ya hifadhi, na sheria ya kulinda ardhioevu ya mwaka 1972 imezipa kamisheni hizo kazi ya kutoa vibali. Wajumbe wake ni kati ya watatu na saba, na kwa kawaida ni wakazi wanaojitolea: huyu mwalimu, huyu mkulima, huyu mstaafu. Anayetaka kujenga au kumwaga kifusi ndani ya futi 100 za ardhioevu, ambazo ni kama mita 30, hupeleka maelezo na ramani, na hulazimika kuwaarifu majirani wanaopakana naye. Kikao ni cha wazi. Jirani husimama akasema hofu yake, na kamisheni hutoa amri yenye masharti, au hukataa. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa kwa idara ya jimbo, na hata wakazi kumi wa mji wakiungana wana haki hiyo.

Huko huko, kwenye Mto Charles unaopita Boston, wahandisi wa serikali walipotafuta namna ya kuzuia mafuriko, mwaka 1972 walipendekeza vinamasi vya juu ya mto vinunuliwe viachwe kama vilivyo, kwa kuwa vinahifadhi maji kwa gharama ndogo kuliko kujenga mabwawa. Zikapatikana ekari zipatazo 8,000. Watu hao si malaika, na nchi yao ina makosa yake ambayo hamhitaji mimi niwasimulie. Lakini katika jambo hili wamempa jirani wa chini kiti, nasi ambao tuna mlango mzima wa hariim katika vitabu vyetu tunapanga kumwaga kifusi saa nane za usiku.

Najua mnalotaka kusema, kwa sababu mmekwishaniambia nje. Mbona wakubwa wamejenga? Mbona pale Jangwani, katikati ya uwanda wa mafuriko, palijengwa kituo cha mabasi yaendayo haraka, na masika yalipokuja mabasi yalizingirwa na maji? Mbona mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 alama nyekundu za X zilichorwa katika nyumba za wanyonge mabondeni, na watu wakabomolewa wakiwa hawana pa kwenda? Maswali haya ni ya haki. Aliyeuziwa kiwanja mbele ya mashahidi wa mtaa, akalipia umeme na kodi ya jengo miaka kumi, kisha akaambiwa ni mvamizi, amedhulumiwa, na waliopokea fedha zake watayakuta mbele ya Mwenyezi Mungu. Nami nasema kamati zetu zinapaswa kuyauliza maswali hayo kwa sauti, kwenye vikao, kwa majina ya vifungu vya sheria. Lakini tutayauliza kwa uso gani, ikiwa sisi wenyewe tumejenga usiku? Atakayetujibu atatuonyesha madrasa yetu kwa kidole, na tutanyamaza.

Wapo pia wanaotegemea kwamba hakuna atakayegusa jengo la dini. Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa inaifanya heshima ya msikiti kuwa ngao ya kudhuru. Qur'ani katika Suratut-Tawba imetusimulia habari za msikiti uliojengwa kwa madhara, na mnajua mwisho wake. Siwafananishi ndugu zangu na wanafiki wale, Mwenyezi Mungu apishe mbali, kwani nia zetu ni tofauti kabisa. Nasema tu kwamba jina la msikiti peke yake halikutosha kuulinda.

Basi yafuatayo nimeyajadili na Imamu na wazee wanne, na kesho baada ya Isha tutayaweka mbele ya waumini wote ili yaamuliwe.

Kifusi kilichoagizwa kisimamishwe. Lori mbili zilizokwishalipiwa zijaze mashimo ya njia ya kuingilia msikitini, na mwenye machimbo amekubali. Ndugu yetu mtoaji tumezungumza naye kwa saa nzima. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu ni akiba yake ya miaka sita. Mwisho amesema yuko tayari kiwanja kibaki na matete yake, pasijengwe wala pasitupwe taka, na sisi tumsindikize kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukadai kwa pamoja aliyemuuzia aitwe. Mzee mmoja ana sehemu ya uani kwake, juu kabisa karibu na barabara ya lami, mita 9 kwa 14. Ni padogo. Patatosha madarasa mawili, nasi tukipata kibali cha ghorofa tutaongeza manne. Maombi ya kibali hicho tunayaandika wiki hii, na nakala tutawapelekea majirani wanaopakana naye kabla hatujaipeleka halmashauri, wakiwemo wale wawili wasio Waislamu.

Jambo la mwisho ni kwa vijana. Kikao cha kamati ya mazingira ya mtaa, nimeambiwa, hakijapata akidi kwa muda mrefu. Nawahitaji watu watano watakaokwenda nami ofisini Jumatatu saa tatu asubuhi kuuliza kikao kijacho ni lini na nafasi zilizo wazi ni ngapi. Atakayekuja aje na daftari, na avae viatu vya kuvuka matope, kwani tukitoka hapo tutateremka kupima ukingo wa kijito kuanzia darajani mpaka kwa bibi wa vitumbua.

Wabillaahit-tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.